Ungo wa Mahindi wa Kijivu

Kila Ijumaa mwaka ule wa 1974, nyumbani kwa Mzee Thadeus, karibu na soko la Ikonge, kulikuwa na pilikapilika. Jua likizama, Sabato imeingia, hakuna kazi tena hadi Jumamosi jioni. Maji yawe yamechotwa, kuni zimepasuliwa na chakula kimeiva. Kazi ya binti yake Esnah, wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kumkatia nyasi Kijivu, punda aliyekuwa akibeba majani chai yao hadi kituo cha kuyauzia.

Ijumaa moja Esnah aliruka kamba na wenzake mpaka jua likakaribia kuzama. Nyasi hajakata! Akachota ungo mzima wa mahindi makavu, akammwagia Kijivu.

"Kula ya leo na ya kesho," akamwambia, "tusije tukavunja Sabato."

Lo! Tumbo la punda si ghala, jamani.

Asubuhi, wakiwa tayari wamevaa nguo za kanisani, walimkuta Kijivu akigaagaa chini, ameloa jasho. Esnah aliogopa kusema alichompa. Mzee Thadeus alikimbia sokoni kumwita Bwana Ogari, daktari wa mifugo. Jirani yao, Mzee Nyangau, akaja na chupa ya maji ya chumvi ya kumnywesha.

"Weka chini chupa hiyo, mzee wangu," Ogari alisema alipofika. "Maji yakiingia mapafuni, tumempoteza. Amekula nini?"

"Nyasi tu," Mzee Thadeus akajibu.

Ogari akatega sikio ubavuni mwa punda, akatikisa kichwa. "Nyasi tu? Nikikosea dawa, atakufa."

Esnah akaangua kilio. "Si nyasi, Daktari! Ni mahindi, ungo mzima. Nilimpa mimi!"

"Umefanya vyema kusema," Ogari akamwambia. Alipitisha mrija mwembamba wa mpira puani mwa Kijivu hadi tumboni, akamimina mafuta ya dawa. "Sasa mtembeze polepole. Asigaagae, wala asile kitu."

Esnah alimtembeza huku akimbembeleza. Saa nane mchana, Kijivu aliinua mkia, akatoa mavi.

"Amepona!" Ogari akapaza sauti. Sijawahi kusikia habari ya watu wenye nguo za kanisani wakishangilia mavi namna ile!

Esnah alipiga magoti mbele ya baba yake. "Nisamehe, Baba. Nilicheza nikasahau kazi."

"Nimekusamehe," Mzee Thadeus akasema. "Ila sikia, mwanangu. Kumpa mnyama nyasi hakuvunji Sabato. Usiufiche uvivu wako nyuma ya Mungu. Na ukikosa, sema mapema. Leo ulipomwambia daktari ukweli ndipo Kijivu alipopata dawa yake."