Mbao za Chini ya Godoro

Turubai lilikuwa limelowa kwa ndani. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, na nyasi za uwanja wa shule zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya kaki. Lakini mtunza uwanja alipofungua kamba na kulikunja turubai, maji yalimchuruzika mkononi hadi kwapani. Yalikuwa ya vuguvugu. Akaunusa mkono, na papo hapo akajuta kuwa na pua, maana ulinuka kama bandeji iliyosahaulika juu ya kidonda.

Chini ya turubai kulikuwa na godoro la kuangukia wanaoruka kwa upondo, wale wanaokimbia na fito ndefu na kujirusha juu kupita urefu wa paa. Lilikuwa na upana wa chumba na kina cha kufika kiunoni, sponji tupu. Lilikaa nje mwaka mzima, jua lake, mvua yake, kwa sababu aliyelinunua hakukumbuka kupima mlango wa stoo. Mtunza uwanja alipewa sharti moja tu: lisiguse ardhi. Ndiyo maana lilikalishwa juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, hewa ipite chini na sponji isioze.

Sasa paleti hazikuwepo. Miezi minne nyuma, chaga za kitanda cha binti yake zilivunjika. Siku ya mapumziko, shule ikiwa tupu, alifungua vipande vya godoro, akaviburuta kimoja kimoja, akazing'oa mbao na kuzisomba nyumbani kwa baiskeli. Zilikuwa mbao nzuri ajabu, nyeusi, nzito, zisizo na tundu hata moja la mchwa. Alimpigia binti chaga imara, akajisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsifu. Turubai lilifika hadi chini. Nani angeinama kuchungulia?

Binti huyo ndiye waliyemwita Panzi, na hakuna aliyeruka kumpita. Mama yake alikuwa amefariki, na baba mtu hakuwa na mwingine duniani.

Siku hiyo, baba yake na kocha wakitazama, Panzi alikimbia, akachomeka upondo, akapaa, akaangukia mgongo. Godoro halikumrusha. Lilimmeza taratibu, likitoa mlio wa mtu mzima anayefyonza mchuzi, na alipojinasua alikuwa na ute wa kijivu kuanzia kisogoni hadi kiunoni.

"Baba," alinong'ona, "humo ndani kuna kitu kimenishika."

"Sponji imechoka tu," kocha akadakia. Akapanda juu mwenyewe, viatu vikitoa povu kila hatua, akapenyeza mkono kwenye mshono uliofumuka. Akavuta. Kilichotoka kilikuwa nywele, fungu zima la nywele ndefu zilizolowa, zenye vipande vya ngozi laini kwenye mashina, na alipozidi kuvuta, zikavutwa kurudi ndani. Kocha aliteremka, akatapika kwenye mchanga wa kuruka chini, kisha akaomba samahani kana kwamba kuna aliyemlaumu.

Panzi alipelekwa nyumbani kupumzika. Nyumba yao ilikuwa hapo nyuma ya geti, mwendo wa dakika tatu. Baba yake alimsugua mgongo kwa sabuni mara mbili, harufu isitoke, akamlaza na kurudi uwanjani.

Mwalimu mkuu, mama asiyependa makuu, alimwita mganga na kumwandika kwenye kitabu cha wageni kuwa ni mtaalamu wa ukungu. Mganga alikuja kwa pikipiki, amevaa mabuti ya mpira, mtu mwenye hasira za karibu. Alilizunguka godoro akitema mate kila hatua tatu.

"Nimeingia makaburini, nimeingia vyooni," alisema, leso puani. "Uchafu huu sijauona." Akainama, akainua pindo la turubai. "Jini huyu hakuwa wa godoro. Alikaa chini yake, kwenye giza lake, hana ugomvi na mtu. Alikuwa na paa la mbao. Nani kambomolea?"

Mwalimu mkuu akamgeukia mtunza uwanja.

"Si kulikuwa na paleti hapa, Baba Panzi?"

Wizi wa mali ya shule ulikuwa na adhabu moja: kazi inakwenda, na nyumba inakwenda na kazi.

"Zilioza, mwalimu," akaruka kimanga. "Nilizitupa jalalani. Zitakuwa zimeshachomwa."

Mganga akamkazia macho. "Una uhakika? Maana nikimtoa humu atatafuta paa lake. Kama limeungua, atapotea. Kama lipo, atalifuata lilipo, na hapo mimi sina dawa nyingine."

"Nina uhakika," alisema.

Mganga akawasha ubani, akapasua mshono kwa kisu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na godoro likakohoa, likakohoa tena, likatapika maji meusi yenye majongoo na kucha na vitu laini ambavyo mtunza uwanja alikataa kuvijua, kisha nundu kubwa kama mtu aliyejikunja ikapita chini ya ngozi ya godoro kutoka upande huu hadi ule, ikateleza ukingoni bila kuonekana, na nyasi kavu zikaanza kulala zenyewe, mstari mmoja wenye unyevu, pole pole, kuelekea getini, na kutoka getini kushika kijia ambacho yeye alikipita kila siku akienda kula chakula cha mchana.

"Ametoka," mganga alisema. Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Kocha alicheka kidogo.

Mtunza uwanja alikuwa ameshaanza kukimbia.

Harufu ilimpokea mlangoni. Sakafuni palikuwa na mfereji wa ute, unapita chini ya pazia la chumba cha binti. Panzi alikuwa amelala chali, macho wazi, shuka hadi kidevuni. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Godoro lake ndilo lililokuwa likipanda na kushuka.

"Mwanangu," alinong'ona, "nipe mkono. Inuka taratibu."

"Siwezi, Baba. Amenikumbatia kwa chini."

Kati ya chaga na chaga nywele zilikuwa zimening'inia, zinadondosha maji. Alifungua kinywa kumwita mganga, kumweleza yote, mbele ya mwalimu mkuu na ulimwengu mzima. Nje, pikipiki ilipita getini na kuishia barabarani.

"Anakushukuru," Panzi alisema, na pumzi yake ilinuka bandeji. "Anasema paa hili ni zuri kuliko lile. Na godoro lina joto."