Rafu ya Shemeji

"Harusi yangu bila kaka yangu? Basi oa picha yangu!"

Fundi alisukuma cherehani pembeni, gauni lake mwenyewe la harusi likiwa nusu chini ya sindano. Mchumba wake, Mshale, alisimama mlangoni ameegemea mguu wake mzima.

"Sijaikataa ndoa. Nimemkataa Komeo tu."

"Huyo Komeo ndiye aliyenilea baada ya wazazi kutangulia. Alilala njaa ili mimi nishibe. Unataka nani anikabidhi kwako, mwenye nyumba?"

"Na huu mguu, nani aliuvunja?"

Jibu Fundi alilijua. Mshale alikuwa winga mkali, Komeo beki wa timu pinzani. Siku mguu ulipovunjika, uwanja ulikuwa chapachapa kwa mvua. Komeo aliteleza miguuni mwa Mshale, mfupa ukalia kama kuni kavu, na soka la Mshale likaishia pale. Komeo alipokwenda hospitali kuomba radhi, alifukuzwa. Akawa anamtuma dada yake na chakula. Mapenzi yakaingia, kinyongo hakikutoka.

"Aliniona nakuja," Mshale alisema. "Angetaka, angejizuia."

Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alikwenda kazini. Alikuwa ameajiriwa kujaribu gemu la mpira la kompyuta kabla halijatoka. Bosi wake alimpokea na padi ya kuchezea mkononi.

"Lile la zamani wachezaji walikuwa wanadondoka kama magunia ya viazi. Safari hii tumewapa uzito, na nyasi zikilowa wanateleza kweli. Shika beki, utuambie kama rafu zinafanana na za uwanjani. Wewe unazijua."

"Nazijua kwa kupigwa," Mshale alijibu.

Akachagua mvua. Winga akaja mbio pembeni ya uwanja. Mshale akabonyeza, beki wake akajirusha kuufuata mpira. Winga akausukuma mbele kidogo. Mshale akaachia kitufe upesi, lakini beki hakusimama. Mwili uliendelea kuserereka, goti likakunjwa kukwepa, na bado winga akazolewa.

"Mbona hasimami? Nimeachia!"

"Ukishateleza umeteleza, ndugu yangu. Mtu na kilo zake juu ya maji, atajizuiaje?"

Akarudia. Akarudia tena, akiwahi zaidi kuachia. Winga alikwenda chini vilevile. Mwishowe akaacha kumtazama winga, akamtazama beki, lile goti lililokunjwa. Akakumbuka. Komeo naye alikunja goti siku ile. Na kelele ya kwanza uwanjani ilikuwa ya Komeo: "Ruka!"

Akaweka padi chini, akamwandikia Fundi: "Naomba namba ya kaka yako."

"Unataka kumtukana?"

"Nataka kumshukuru."

Namba ikaja. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Shemeji, ni Mshale."

"Umeniitaje?" Komeo aliuliza taratibu.

"Siku ile, uliniambia niruke?"

"Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilitaka kujirudisha, mwili ukanikatalia. Nisamehe, mdogo wangu."

"Na ni nani aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani?"

"Sasa ningekuacha kwenye matope?"

Mshale akafuta macho kwa kiganja.

"Muda wote huu sijakwambia asante. Asante kwa kunibeba. Asante kwa chakula, nilikila huku nakulaani. Na asante kwa kunilelea mke."

Upande wa pili beki aliyeogopwa na mtaa mzima alikuwa analia kwa kwikwi.

Dakika chache baadaye ujumbe wa Fundi ukaingia: "Kaka kanipigia, analia hata haongei. Umemfanya nini?"

"Nimemwambia asante. Maliza gauni, mama. Tunaoana."

"Mungu akuweke, mume wangu. Leo umenipa kaka na mume kwa mpigo."

Siku ya harusi Komeo aliingia amemshika dada yake mkono, suti ikimbana mabega. Alipofika mbele, akauweka mkono wa Fundi juu ya ule wa Mshale.

"Nimekuletea. Mtunze."

Mshale akamvuta shemeji yake kifuani, wakakumbatiana. Wageni wakapiga vigelegele, vigelegele vikaisha, wao bado. Hatimaye Fundi akainua shela, akamgonga mume wake begani.

"Jamani! Bibi harusi ni mimi!"