Amri ya Pili

Dorine, mchuma chai, alikufa kwenye kitanda cha zahanati ya shamba karibu na Sosiot, koo limevimba, bomba la sindano ya penisilini likiwa bado mezani. Tangu utotoni dawa hiyo ilimkataa. Maiti haijapoa, nesi Metrine, aliyemdunga, alikuwa tayari korokoroni, na wachumaji wenzake na marehemu walikuwa getini mwa kituo wakidai atolewe wamchome moto.

Inspekta Nyagaka hakupenda kesi inayojileta yenyewe mkononi.

"Ulimuuliza kama kuna dawa inamkataa?"

"Nilimuuliza, afande! Akasema iko kwa kompyuta. Nikaangalia. Hakukuwa na kitu."

Lakini Oketch, mume wa marehemu, aliapa kwamba onyo lilikuwepo. Alisimama pale likiandikwa, siku mkewe aliposajiliwa mara ya kwanza.

Kimeli, karani wa data wa zahanati, alimkaribisha inspekta kwa chai na tabasamu.

"Asubuhi hiyo nilikuwa nasafisha rekodi, madam. Naondoa nafasi zimezidi kati ya maneno. Amri moja, wagonjwa wote. Labda mashine ilikula hayo maneno."

"Labda," Nyagaka alisema, akamaliza chai yake. Njia ya mwongo ni fupi. Hakuwa na haraka.

Mtaalamu wa polisi alichukua nakala ya akiba ya siku iliyotangulia, akailinganisha na hifadhidata ya sasa. Kila mgonjwa alikuwa amepoteza nafasi tupu. Mmoja tu alikuwa amepoteza maneno, na yalifutwa kwa amri ya pili, iliyotaja namba ya Dorine peke yake.

"Ufagio hauchagui takataka, Kimeli. Amri ya pili ni ya nani?"

Tabasamu likamtoka. Akatazama dirisha, kisha mikono yake.

"Nilipeleka mamangu kwao Metrine kuposa. Akatucheka, mama akisikia. Nilitaka afukuzwe. Afungwe."

"Na Dorine alikukosea nini?"

"Huyo? Sikumjua."

"Basi kwa nini yeye?"

"Alikuja amejikata mguu na panga, na hapa kidonda kama hicho hudungwa penisilini. Kwa foleni yote, ni yeye tu alikuwa na hilo onyo. Nilipomaliza kuandika hiyo amri, akidhani namsajili, aliniambia asante."

Nyagaka alitamani kumzaba kofi. Akamfunga pingu.

Nje, Oketch alikuwa ameketi kwenye ngazi, amepakata gambuti za mkewe.

"Afande, mke wangu alimfanyia nini huyu kijana?"

"Hakuna."

Oketch aliendelea kumtazama, akingoja amalizie.