Foto Safi ya Aimée

Ukuta ulitoka vizuri kwenye foto. Matofali yalihesabika, hata magamba ya mjusi yalionekana. Lakini uso wa Aimée, mtoto aliyeketi mbele ya ukuta huo bila kutikisika, ulikuwa ukungu mtupu.

"Apareyi yako iko na malaria?" Nabintu, mama yake, akafoka.

"Mama Aimée, apareyi iko muzima," Jeanine, mpiga foto, akanong'ona, akiigeuza kamera yake mikononi. "Ni mutoto ndiye... sijue."

Ilikuwa adhuhuri pale Kasongo, na mlangoni mwa studio liliingia jua la kutosha kunasa hata nzi akiruka. Nabintu hakuja kujipamba. Mumewe Assani, mchimba dhahabu huko Wamaza, alikuwa ametuma neno: asipoona uso wa mtoto waziwazi, yeye hana mtoto Kasongo. Miaka minne hajakanyaga nyumbani, halafu anayedaiwa ushahidi ni mtoto! Machimboni mtandao haufiki; motari wa kupeleka foto alikuwa tayari barabarani juu ya pikipiki yake, akipiga honi.

Jeanine akapangusa kioo kwa pindo la kitenge, akaegemea mlango, akabana viwiko mbavuni, akaongeza kasi ya apareyi, akapiga tena. Ukuta ukazidi kuonekana. Ukungu nao ukapata umbo: vidole virefu, vimefunika uso wa mtoto. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba.

"Mama Aimée, tuache. Kuna kitu inamufunika."

"Tuache? Baba yake amukatae? Piga, dada yangu, nakuomba! Moja tu!"

Jeanine, akisikia kando ya sikio lake pumzi nzito ya mtu asiyemwona, pumzi iliyopanda mtoto anapovuta na kushuka mtoto anaposhusha, akasema neno ambalo kila mpiga foto humwambia mtu asiyetulia, neno alilolisema mara nyingi bila kumdhuru yeyote: "Aimée, mama, kata pumuzi kidogo."

Mtoto akafunga mdomo. Ile pumzi ikaendelea.

Foto ikatoka safi kwenye skrini ya apareyi: kope, kovu la kidevuni, pua ya Assani mwenyewe.

"Akatae sasa!" Nabintu akapiga vigelegele. "Akatae tuone!"

"Pumua sasa, mama," Jeanine akamwambia mtoto. "Aimée. Pumua."

Aimée alikaa vilevile, macho wazi, hapepesi. Nabintu akamtikisa, akamwita, akampulizia mdomoni huku akimlilia Mungu na manabii wote. Na Jeanine, apareyi bado mkononi, hakuweza kuondoa macho kwenye ile foto, mle ambamo kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda, kinashuka, kinapanda.