Lenzi Zilizosoma Tano Kamili

Saa mbili na dakika tano asubuhi ya Ijumaa, Joël alivaa miwani yake mpya, akapiga hatua mbili na kuanguka kwenye sakafu isiyo na hata tuta.

"Eish! Minaona chini inapanda!"

Joël ni mchomeleaji vyuma kutoka mtaa wa Jeppestown. Alikuja mtaa wa Fordsburg, kwenye karakana ya lenzi ya Bwana Naseeb, kujaribu miwani ya kazi, ile ya fremu iliyopinda mpaka karibu na masikio ili cheche zisipenye pembeni. Ikimkaa vizuri, wenzake thelathini nao wangetengenezewa.

Bwana Naseeb, Mzanzibari asiyependa aibu mbele ya mteja, alizichomoa lenzi na kuziweka kwenye mashine ya kupimia. Zilisoma hasi tano kamili, sawa na cheti cha daktari.

"Mashine inasema sawa, mtu haoni," alisema. "Na kadi ya kazi hii ina saini yako, Mzee Jacques. Nilishakuambia umri huo ni wa kupumzika. Saa nne nisipopata maelezo, nikabidhi ufunguo wa meza yako."

Jacques, mzee wa Bukavu aliyekata lenzi miaka arobaini, alifuta mikono kwenye aproni yake yenye mfuko uliotuna makaratasi. Akaitazama mashine.

"Tano kamili? Basi haziko zangu, chef. Zangu hazingesoma tano."

"Mzee anajishitaki mwenyewe!" Karimu wa Tanga aliangua kicheko. Alikuwa akiimezea mate meza ile tangu mwaka jana, wala hakuficha.

Aliyekuwa akimnyanyua Joël ni Orpha, mlinzi wa mlangoni, mama wa Lubumbashi. Hakujua lolote kuhusu lenzi, lakini aliijua mikono ya Papa Jacques. Mara ngapi alisimama kwenye kioo cha mlango akimtazama anavyosugua ukingo wa lenzi, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso! Mikono ile kuharibu kazi? Hakuamini hata kidogo.

"Boss, niachie mpaka saa nne."

"Mama Orpha, wewe ni mlinzi."

"Ndiyo. Na kama lenzi zimebadilishwa, wizi umepita mlangoni kwetu."

Saa mbili na nusu alifungua daftari la mlango, lililoandikwa na mwenzake wa zamu iliyotangulia. Miwani yake, iliyolegea mkono mmoja, ilimkalia upande na mistari ikavutika. Aliinyoosha kwa kidole, mistari ikatulia. Jacques alitoka Alhamisi saa kumi na moja jioni. Karimu alirudi kumi na moja na nusu, akatoka baada ya dakika kumi. Gaëlle, dada wa Goma anayepima kila kazi kabla haijatoka, aliingia leo saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Kazi huanza saa mbili.

Alianza na Karimu.

"Nilisahau simu, dada. Na umeme ulikatika mtaa mzima kuanzia kumi na moja mpaka saa moja usiku. Ningekata lenzi kwa meno?"

Orpha alivuka barabara kumuuliza muuza sambusa. Kweli, jana alikaanga kwa mwanga wa simu.

Akarudi kwa Gaëlle, aliyefundishwa kazi na Jacques kwa miaka tisa.

"Mbona ulifika mapema vile, mdogo wangu?"

"Kazi ilikuwa mingi, yaya," alijibu, akimwita dada kwa lugha ya kwao.

"Kazi gani?"

"Ya… ya kawaida tu." Hakuinua macho.

Orpha alipekua mapipa yote ya taka. Hamkuwa na lenzi wala kipande. Saa tatu na dakika arobaini alimfuata Jacques.

"Papa, kwa nini zako hazingesoma tano?"

Mzee aligusa mfuko wa aproni, kisha akaushusha mkono. "Nikisema, kuna mtu ataumia. Acha, mama."

Jibu hilo lilimchoma Orpha. Aliinama juu ya kadi ya kazi iliyokuwa mezani, miwani ikamkalia upande tena, maandishi yakavutika. Hapo akaelewa.

Saa nne kasoro dakika tano aliwaita wote kwenye meza ya kupimia.

"Miwani yangu ikikaa sawa, naona. Ikigeuka upande, inanidanganya, na lenzi ni ileile. Kwenye fremu iliyopinda, lenzi haikai sawa mbele ya jicho, imegeukia sikioni. Papa Jacques alizirekebisha nguvu makusudi, ili zikikaa upande Joël apate tano yake. Ni hivyo, papa?"

Jacques aliitikia kwa kichwa, bila furaha. "Lenzi ikigeuka upande nguvu inazidi, ndiyo nilizipunguza."

"Basi ukizipima juu ya mashine, zinasoma vibaya. Nani hapa hupima? Na adui wa mzee angezivunja au kuzitupa. Nimepekua taka, hazimo. Aliyezitoa hakuwa na moyo wa kuzitupa." Akageuka. "Gaëlle, mdogo wangu, ziko wapi?"

Gaëlle alifungua mkoba, akatoa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Ndani zilikuwamo lenzi mbili, zinang'aa.

"Nilizipima jana nikaona zimekosea," alisema akilia. "Nikajua macho ya papa yamechoka, na boss atamfukuza. Leo nikakata zingine nikaziweka kwa fremu ya Joël. Kadi papa alikuwa ameshasaini."

"Mbona hukuniuliza, binti yangu?"

"Niliogopa utanijibu kwamba ni kweli, macho yamechoka."

Naseeb mwenyewe alizipachika zile lenzi na kumkabidhi Joël, akasimama karibu tayari kumdaka. Joël alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi akitabasamu.

"Sharp! Chini imelala."

Naseeb alimtazama mzee, akamtazama binti. "Mzee Jacques, nisamehe. Thelathini zote ni zako. Huyu naye…"

"Huyu kosa lake ni langu, chef. Hesabu nilizifungia mufukoni, nikamuachia mashine peke yake."

Akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye pembe za fremu na nguvu za kupunguza, akaibandika ukutani juu ya mashine ya Gaëlle. Kisha akamvutia kiti.

"Kaa. Tunaanza na miwani ya pili."

Orpha alirudi mlangoni na kuandika kwenye daftari: saa nne na dakika kumi, hakuna kilichopotea.