Bata wa Taulo

Taulo lilikuwa juu ya kitanda, limekunjwa umbo la bata, shingo imepindwa kwa ustadi. Lilikuwa limelowa chapachapa.

"Mama, ona walivyotukaribisha!" Binti, kitinda mimba wa Mwalimu Mkuu, alikwisha kutoa simu apige picha.

Mwalimu Mkuu hakuona cha kupiga picha. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini mtaa mzima bado ulimwita hivyo, na bado alikagua kila kitu kama madaftari ya wanafunzi. Alimbonyeza bata yule. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alilamba kidole bila kufikiri, akaonja chumvi.

Likizo yenyewe ilikuwa imeanza kwa nuksi. Tangazo lilisema meli ina bwawa la kuogelea, na kweli lilikuwepo, ila lilijaa viti vya plastiki vilivyovunjika. Wali ulikuja wa baridi, mwimbaji wa ukumbini alikuwa na mafua, na aliyetoka nje kupunga upepo alipewa moshi wa injini.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Mwalimu Mkuu, na binti akacheka, ingawa moyoni aliumia. Alikuwa ameomba ruhusa hospitalini anakofanya kazi tangu mwaka uliopita ili amtembeze mama yake, ambaye hakuwa na mwingine wa kumtembeza.

Lakini si wali uliomnyima Mwalimu Mkuu raha. Ni ngazi. Meli ilikuwa imepakwa rangi mpya na kupewa jina jipya, ila ile ngazi ya kushukia ukumbini, yenye nguzo za shaba zilizochongwa vichwa vya samaki, aliijua. Aliwahi kuishuka akiwa na marehemu mumewe, enzi binti huyu yuko shule ya msingi.

Mhudumu wa vyumba, mama wa makamo, alibisha hodi akaingia na mashuka. Alipomwona bata alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nani kakunja hilo?"

"Si nyinyi?" aliuliza binti.

"Sisi tulikatazwa, dada. Aliyekuwa fundi wa kuwakunja alijitupa baharini." Alishusha sauti. "Abiria mmoja alimsingizia kaiba pete. Wakampekua mpaka kwenye nywele, mbele za watu, wakamfungia stoo. Walipomtoa tu, akakimbilia ukingoni. Wengine wanasema ni yeye anayerudi. Wengine wanasema ni jini aliyempokea kule chini akavaa sauti yake. Mimi sijui. Ninachojua, anataka mwenye kosa aseme. Aseme mbele za watu, kama yeye alivyopekuliwa mbele za watu."

"Maskini! Na pete ilipatikana?"

"Mpaka leo haijaonekana."

Mwalimu Mkuu aligeukia dirisha la roshani. Pete ilipatikana. Mwenyewe aliisokomeza kwenye ncha ya kiatu cha sherehe, kwa kuwahofia hao hao wafagizi, akasahau, akadai fundi yule kaiba, akaja kuikuta nyumbani akifungua sanduku. Lakini aliyechapa watoto wa watu kwa kusema uongo angeanzia wapi kukiri? Akaizika kabatini, na siku ya harusi ya binti akamvisha.

"Vua hiyo pete, mwanangu," Mwalimu Mkuu alisema, mhudumu alipokwisha kutoka. "Inakubana."

Haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta. Kidole kilikuwa cha baridi, na kilinuka mwani.

Kesho yake taulo lilikuwa limekunjwa umbo la mkono, kidole kimoja kimenyooka kuelekea mto wa Mwalimu Mkuu. Binti hakupiga picha tena. Wakati wa chakula, mle mle chumbani, kijiko kilimponyoka, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinajikunja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama vinavyopangwa na mtu mwenye subira, na nyuma ya ukuta wa chumba, pasipokuwa na chumba kingine, wakasikia mtu akikung'uta shuka, pa! pa! pa!

"Mama, naumia," alinong'ona. "Mama, kuna mtu ananishika."

Hapo woga ulimshinda Mwalimu Mkuu. Alimshika binti mkono, akashuka ile ngazi ya shaba, akampokonya mwimbaji kipaza sauti. Watu wakatulia. Aliziona nyuso zile zote zikimtazama kwa heshima, na hakutaka kuipoteza heshima hiyo.

"Pete iliyopotea humu zamani haikuibwa," alisema. "Marehemu mume wangu aliificha ndani ya kiatu, akasahau. Mungu amsamehe."

Watu wakapiga makofi. Pete ikateleza kidoleni mwa binti, ikabingirika chini ya meza, na ingawa waliitafuta hawakuiona. Binti alilia kwa furaha, akatangulia chumbani kupumzika.

Mwalimu Mkuu alipofungua mlango, harufu ya mwani ilimpiga usoni, na sakafuni, kuanzia miguuni pake mpaka kwenye roshani iliyokuwa wazi, kulikuwa na mabata ya taulo yaliyolowa, yamejipanga, yote yakimtazama, na kitandani binti yake, ambaye nyumbani hata shati hajui kulikunja, alikuwa akikunja lingine upesi upesi bila kuangalia mikono.

"Mwanangu, acha hayo."

Binti aligeuka. Macho yalikuwa yake. Sauti haikuwa yake.

"Shikamoo, mama. Hata maiti unaisingizia?"

"Ni mimi!" alipiga kelele Mwalimu Mkuu. "Mimi niliificha! Mimi!"

"Sasa unamwambia nani?" ilisema sauti ile kwa upole, na binti akainuka, akatembea kati ya mabata kuelekea roshani.

Walioitikia kelele walimkuta Mwalimu Mkuu peke yake, roshani tupu, amemkumbatia bata aliyelowa, akirudia kwamba ni yeye, ni yeye. Wakasema uchungu umemharibu akili. Nahodha, aliyetaka kujua binti yuko wapi, hakuridhika. Akaamuru apekuliwe.

Walimpekua mpaka kwenye nywele, mbele za watu. Pete ya binti waliikuta kwenye ncha ya kiatu chake.