Hati ya Maziwa ya Porzia

Hati ilikuwa imelowa. Carmosina aliipangusa kwa aproni, akaipangusa tena, na bado ilinata vidoleni kama utando wa maziwa yaliyoachwa juani.

Asubuhi ile Donna Eufrasia alimlipa kwa hati hiyo, ujira wa kumnyonyeshea mwanawe. Ilitolewa na nyumba ya rehani ya masikini, na Napoli nzima huzipokea hati zake kama fedha. Carmosina aliitia kifuani, upande wa kushoto. Kufika adhuhuri, mtoto wake mwenyewe, Titino, alilikataa titi la upande huo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama alipolikamua, yalitoka maji ya kijani yenye nyuzinyuzi, yananuka kidonda.

"Shoga, hayo hata paka hayanywi," alisema jirani yake Menica. Lakini alimbebea mtoto njia nzima hadi nyumba ya rehani, hati ikalipwe.

Don Liborio, karani mzee, alimpa Carmosina kiti chake. Kisha akaigeuza hati. Nyuma ndiko huandikwa nani alipwe na kwa sababu gani, na likishaandikwa hapo, sharti litimizwe.

"Hii ni ya Porzia, mnyonyeshaji aliyekutangulia kwa Donna Eufrasia, kwa maziwa," alinong'ona. "Wamelikata jina lake, wakaandika lako. Porzia alikufa kwa jipu la titi kabla ya Pasaka. Hakulipwa kitu."

"Aliacha mtoto?"

"Binti mchanga. Nadhani yuko kwa masista."

Carmosina alimtazama Titino, machozi yakamlenga. "Basi andika, baba. Apewe mtoto wa Porzia, kwa maziwa aliyoyakosa."

Karani akaandika, Carmosina akatia msalaba wake badala ya saini. Don Liborio akazihesabu fedha, akaitoboa hati kwa sindano, akaitunga kambani pamoja na nyingine zilizokwisha kulipwa. Harufu ikakatika papo hapo. Titino akanyonya, akashiba, akalala.

Menica ndiye aliyezipeleka fedha kwa masista. Alirudi nazo mkononi.

"Mtoto hayupo, shoga," alisema. "Alimfuata mama yake siku ileile. Walizikwa pamoja, amelazwa kifuani pake."

Titino alikuwa kitandani, usingizini, lakini titi la kushoto la Carmosina lilikuwa likivutwa, taratibu, kwa midomo ya baridi asiyoiona, na kila ilipovuta, udongo mbichi wenye funza ulimdondokea mapajani, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka wenyewe, unakipapasa kichwa kidogo kilicholowa.